Taa Tatu

Neno taa, katika Kiswahili cha mwambao, limebeba maana tatu zisizo na udugu wowote baina yao. Taa ya kwanza ni chombo cha mwanga, kiwe cha mafuta au cha umeme. Taa ya pili ni samaki bapa, mpana, ajifukiaye katika mchanga wa chini ya bahari. Taa ya tatu, ambayo siku hizi husikika katika tenzi na vinywani mwa wazee zaidi kuliko sokoni, ni utiifu, yaani hali ya mmoja kuifuata amri ya mwingine. Washairi wamezoea kuyafanyia mchezo maneno ya namna hii, wakayapanga katika beti za mafumbo ili msikilizaji ahangaike kutafuta ipi ni ipi. Lakini iko habari moja ya kweli ambamo taa zote tatu zimekutana bila ya mshairi yeyote kuzilazimisha. Nayo ni habari ya jitihada za binadamu kuurudishia mwendo mwili uliopooza, kwa kutumia umeme.

Habari hiyo huanzia kwa samaki. Katika jamii ya taa wamo wachache waliojaliwa silaha ya ajabu: viungo viwili, kimoja kila upande wa kichwa, vyenye kuzalisha umeme wa kumtia ganzi adui au windo. Wapo katika Bahari ya Mediterania na wapo katika Bahari ya Hindi. Wayunani wa kale walimwita samaki huyo kwa neno lao lenye maana ya ganzi, na walijua kwamba ganzi yake yaweza kumfikia mvuvi kabla mkono haujamgusa. Katika karne ya kwanza, tabibu wa Kirumi aitwaye Scribonius Largus aliandika kwamba mgonjwa wa jongo asimame ufukweni palipolowa maji, awekewe samaki huyo chini ya nyayo akiwa hai, na abaki hivyo mpaka ganzi impande hadi gotini. Kwa maumivu ya kichwa yasiyokoma, aliagiza samaki awekwe mahali penye maumivu. Hiyo ni miongoni mwa tiba za umeme za kale kabisa zilizoandikwa, na aliyeiandika hakujua kuwa ni umeme. Umeme, kwa wanadamu wa zama zile, ulikuwa bado ni kitu cha mbinguni, mwako upasuao wingu na kufuatwa na radi.

Zikapita karne nyingi. Katika miaka ya 1780, mjini Bologna, Italia, Luigi Galvani aliona mguu wa chura aliyekufa ukiruka pindi neva yake ilipofikiwa na cheche, akachapisha maelezo yake mwaka 1791. Mwenziwe wa Pavia, Alessandro Volta, alimpinga. Galvani alishika kwamba umeme ule umo ndani ya mnyama mwenyewe. Volta alishika kwamba umetokana na metali zilizotumika kumgusa. Katika ubishi huo ndipo Volta alipounda betri ya kwanza, akaitangaza mwaka 1800, na yeye mwenyewe akakifananisha chombo chake na kiungo cha yule samaki wa ganzi. Kwa hiyo taa ya baharini na taa ya ukutani ni ndugu hasa, na mguu wa chura ndio uliokuwa kungwi wao.

Taa ya tatu nayo haikukawia. Giovanni Aldini, mpwa wa Galvani, alizunguka miji ya Ulaya akionyesha jinsi miili ya wafu inavyoitikia umeme. Mnamo Januari 1803, jijini London, alipewa maiti ya mtu aliyenyongwa kwa hukumu ya mauaji. Umeme ulipopitishwa, taya lilitetemeka, jicho moja likafunguka, na mkono wa kuume ukainuka ukiwa umekunja ngumi. Waliohudhuria walitishika, na baadhi yao walidhani kuwa marehemu yu karibu kufufuka. Hakuna kilichofufuka. Msuli ulitii, basi. Na utiifu wa msuli ulidhihirika kuwa si uhai.

Somo hilo lilirudiwa kwa upole zaidi na Mfaransa Duchenne wa Boulogne, ambaye mwaka 1862 alichapisha kitabu cha picha za nyuso zilizochezeshwa kwa umeme, msuli baada ya msuli. Aliyepigwa picha mara nyingi kuliko wengine ni mzee mmoja ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa imepoteza hisia, hata akaweza kustahimili umeme bila ya maumivu. Katika picha zile mzee hushangaa, huogopa, hulia, hucheka. Na katika hayo yote hahisi lolote. Duchenne aliligundua jambo ambalo washairi wa mapenzi wangelithibitisha bila ya betri: tabasamu la mdomo mtu aweza kuliamrisha, ama lile la furaha ya kweli huhitaji msuli unaozunguka jicho, na msuli huo hautii amri ya mtu kwa wepesi, huitika pale moyo unapofurahi. Yaani hata ndani ya uso mmoja, umo msuli mtiifu na umo msuli mkaidi.

Tangu wakati huo ilijulikana kwamba msuli waweza kuamrishwa na umeme wa nje. Kilichochukua zaidi ya miaka 100 kueleweka, na ambacho hata leo hakijakamilika, ni kwamba amri peke yake haitoshi.

Mtu akiwa barazani huinua kikombe cha kahawa bila ya kukifikiria. Ubongo hutoa amri, amri hushuka kwa uti wa mgongo, hupita katika neva za mkono, na misuli hujikaza. Lakini papo hapo habari nyingine hupanda kutoka chini kwenda juu. Ndani ya misuli vimo vijumbe vidogo vyenye kutoa taarifa ya urefu wa msuli na kasi ya kunyooka kwake. Katika kano vimo vingine vyenye kutoa taarifa ya nguvu inayovutwa. Na ngozi ya vidole husema kama kikombe ni cha moto, ni kizito, au kinateleza. Taarifa hizi hufika, amri hurekebishwa, taarifa hufika tena, na yote hayo hutendeka kabla kahawa haijamwagika. Wataalamu huita habari hiyo ya kupanda mrejesho, na chombo chochote kitengenezwacho ili kuipokea hukiita kihisi. Ni maneno mazuri. Kurejesha ni kukirudisha kitu kwa mwenyewe, na kuhisi, katika matumizi ya kila siku, ni kuona kwa ngozi na pia kushuku kwa moyo.

Wapenzi wa ushairi wa mwambao hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya jambo hili, kwani fani yao imejengwa juu yake. Muyaka bin Haji wa Mombasa hakutunga peke yake. Alitunga akijibizana na washairi wa Lamu, mji mmoja ukirusha ubeti na mji wa pili ukiurudisha. Malumbano yana kanuni moja isiyovunjwa: anayejibu sharti awe amesikia. Akijibu lisilosemwa, hata vina vyake vikiwa sawa na mizani yake imetimia, hadhira humcheka. Ndivyo ulivyo mwili. Mkono hunyanyua kikombe kwa sababu ubeti umetumwa na ubeti umerudi. Aldini alituma ubeti kwa maiti, na maiti hakuwa na wa kumrudishia.

Kihisi cha kwanza kilichoingia katika tiba hii kilikuwa kitu duni kabisa: swichi ndani ya kiatu. Aliyepatwa na kiharusi akapooza upande mmoja, hata akijaaliwa kusimama tena, mara nyingi hubaki na wayo unaoning'inia. Akiinua mguu, ncha ya wayo huelekea chini, vidole huburura ardhi, kandambili humtoka, na kizingiti cha mlango huwa hatari kila siku. Mtu huyu anajulikana katika kila mtaa. Husikika kabla hajaonekana, kwa sauti ya mguu wake mmoja kukwaruza. Mwaka 1961 Wladimir Liberson na wenzake, nchini Marekani, walichapisha maelezo ya chombo kidogo cha kuvaliwa kiunoni, chenye waya uendao kwenye neva inayopita chini ya goti kwa upande wa nje, na waya mwingine uendao kwenye swichi chini ya kisigino. Kisigino kinapoinuka, swichi huruhusu umeme, neva huamshwa, na wayo hunyanyuka. Kisigino kinapotua, umeme hukatika. Swichi ile inajua maneno mawili tu, juu na chini, lakini maneno hayo mawili huyasema kwa wakati wake. Umeme ukaacha kuwa mpayukaji, ukawa msikilizaji.

Chombo cha namna hiyo kiliendelezwa kwa miaka mingi katika mji wa Salisbury, Uingereza, na vifaa vilivyotoka huko vimewasaidia wagonjwa wa kiharusi na wa maradhi mengine ya ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 2009, taasisi ya Uingereza yenye kutoa miongozo ya tiba ilikubali kwamba, kwa wayo ulioanguka kwa sababu za aina hiyo, ushahidi wa usalama wa tiba hii na wa kuboresha mwendo unatosha kuitumia. Iko mipaka, na ni haki kuitaja ili asiwepo wa kudanganywa na mwuzaji. Umeme huu huamsha neva, nayo neva ndiyo iamshayo msuli. Kwa hiyo sharti neva itokayo katika uti wa mgongo kwenda kwenye msuli iwe hai. Aliyepooza kwa polio, ambayo huziua seli zenyewe za neva hizo, haupati msaada huu, kwa kuwa barua ipo na tarishi hayupo.

Upo mpaka mwingine, nao ni wa adabu. Ubongo unapouamrisha msuli, hualika kwanza nyuzi ndogo zisizochoka upesi, halafu, kazi ikizidi, huziita zile kubwa zenye nguvu na zenye kuchoka haraka. Tena huzipa zamu, hizi zikapumzika wakati zile zikifanya kazi. Umeme wa nje haujui zamu wala haujui mkubwa na mdogo. Huziita nyuzi zote kwa pamoja, mapigo 20 hadi 50 kwa sekunde, na zile kubwa huwa katika mstari wa mbele. Matokeo yake ni kwamba msuli unaoamrishwa na mashine huchoka mapema mno. Mashine isiyo na kihisi haina habari ya uchovu huo. Huendelea kutuma amri ile ile kwa nguvu ile ile, mpaka goti likunjike na mtu aanguke. Mashine yenye kihisi katika goti huona kwamba kiungo kimeanza kulegea, ikaongeza nguvu, ikabadilisha msuli, au ikamwonya mwenyewe akae kitako. Hiyo ndiyo tofauti ya bwana anayepiga kelele na nahodha anayetazama tanga.

Watu wa nje ya maabara waliipata habari hii kwa kishindo mwaka 1982. Nan Davis, kijana wa Ohio, alikuwa amepooza miguu tangu ajali ya gari ya mwaka 1978. Katika Chuo Kikuu cha Wright State, mjini Dayton, Jerrold Petrofsky na wenzake walimfunga elektrodi miguuni na vihisi viungoni, wakaviunganisha na kompyuta, naye akasimama na kupiga hatua kadhaa. Mwaka uliofuata, katika mahafali yake, aliinuka akaenda kuipokea shahada yake kwa miguu, huku akishikiliwa. Filamu ya televisheni ilitengenezwa juu yake mwaka 1985. Wapo wataalamu walioingiwa na wasiwasi kwa kishindo kile, wakihofu kwamba maelfu ya watu waliokaa katika viti vya magurudumu wataahidiwa lisilokaribia. Hofu yao ilikuwa na msingi. Hatua zile zilikuwa za kweli. Barabara ya kutoka maabara hadi nyumbani ndiyo ilikuwa haijatengenezwa.

Barabara hiyo ilijengwa kipande kimoja mjini Cleveland, katika jimbo lilo hilo la Ohio. Huko Hunter Peckham na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve walishughulika na mkono badala ya mguu, wakisema kwamba aliyevunjika shingo hana haja ya kutembea kwanza. Ana haja ya kushika kijiko. Chombo chao kilipandikizwa mwilini: elektrodi 8 katika misuli ya mkono na kiganja, huku kihisi kikivaliwa nje ya mwili, katika bega la upande wa pili. Mtu akilisogeza bega lake mbele au nyuma, kiganja hufumba au hufumbua. Mwaka 1997 serikali ya Marekani iliruhusu chombo hicho kiuzwe. Watu zaidi ya 200 walikipata, wakala kwa mikono yao, wakaandika, wakapiga mswaki. Mwaka 2001 kampuni iliyokuwa ikikiuza iliacha biashara hiyo kwa sababu za hesabu za fedha. Chombo hakikuwa kimeshindwa kazi. Soko ndilo lililokuwa dogo. Waliokuwa nacho walibaki nacho chini ya ngozi, wakitegemea nia njema ya wale walimu wa Cleveland kwa vipuri na matengenezo.

Hapa msomaji makini ataona kwamba kuna mirejesho ya aina mbili. Upo mrejesho wa kihisi kwenda kwenye mashine, na wahandisi wameushughulikia kwa ustadi mkubwa. Na upo mrejesho wa mgonjwa kwenda kwa wale walioitengeneza mashine, wanaoilipia na wanaoiruhusu. Huo haujapewa waya.

Maisha ya mtu mmoja yanazionyesha aina zote mbili, na ni mtu ambaye wakaazi wa pwani watamwelewa upesi, kwa kuwa aliumizwa na bahari. Juni 2010, Ian Burkhart, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 19, alikwenda pamoja na rafiki zake kustarehe katika fukwe za North Carolina. Alipiga mbizi katika wimbi, wimbi likamsukuma juu ya fungu la mchanga, shingo ikavunjika. Kila mzazi wa visiwani amemwonya mwanawe dhidi ya kuchupa kwa kichwa mahali asipopajua kina chake, na kila kijana amelipokea onyo hilo kwa sikio la kuume na kulitoa kwa la kushoto. Alibakiwa na uwezo wa mabega na wa kukunja viwiko. Viganja na miguu vilinyamaza.

Mwaka 2014, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, madaktari walimpandikizia katika ubongo kijisahani chenye elektrodi 96, mahali panapohusika na mwendo wa mkono. Kijisahani hicho kilisikiliza chembe za ubongo wake alipokuwa akifikiria kufumbua kiganja. Kompyuta ilifasiri alichokisikia, ikapeleka amri kwenye mkono wa bandia wa nguo uliovishwa kigasha chake, wenye elektrodi zipatazo 130, nao ukaiamsha misuli mmoja mmoja. Uti wa mgongo ulirukwa, kama daraja liliovunjika linavyorukwa kwa mashua. Juni ya mwaka ule aliufumba na kuufumbua mkono wake kwa mawazo yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Kwa mazoezi ya miezi mingi alifikia kuishika chupa na kumimina, kukoroga kwa kijiti, na kupitisha kadi ya benki katika mashine.

Lakini alikuwa akiyafanya hayo kwa macho. Kiganja chake kilitii bila ya kuhisi. Akiondoa macho juu ya mkono wake, hakuweza kujua kama ameshika kitu au ameshika hewa. Mwenziwe wa Cleveland, Bill Kochevar, aliyepata kula na kunywa kahawa kwa mkono wake mwenyewe kwa njia inayofanana na hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, alikuwa na shida hiyo hiyo: ilimbidi autazame mkono kila hatua ya njia, kwa kuwa mkono haukumwambia uko wapi. Jicho lilifanywa kihisi. Na jicho, hata liwe kali, haliwezi kusema kama yai limeshikwa kwa nguvu kupita kiasi mpaka yai liwe limekwisha pasuka.

Ndipo likaja gunduzi lililochapishwa mwaka 2020, ambalo huenda ndilo zuri kuliko yote katika habari hii. Kwa vipimo vya kidaktari, jeraha la Burkhart lilihesabiwa kuwa kamili. Yaani hakuna kipitacho kutoka kiganjani kwenda juu. Watafiti walipoigusa ngozi ya kidole chake yeye hakuhisi kitu. Hata hivyo, kile kijisahani kilichomo kichwani, ambacho kiliwekwa ili kisikilize amri, kilinasa mtikisiko mdogo kila mara kidole kilipoguswa. Nyuzi chache zilizosalimika katika uti wa mgongo zilikuwa zikileta habari miaka yote ile, kwa sauti ya chini mno kiasi cha mwenyewe kutoweza kuitambua. Kompyuta ikaichuja sauti hiyo kutoka katika amri zilizochanganyika nayo, ikaipeleka kwenye ukanda uliofungwa juu ya kiwiko, mahali alipokuwa bado ana hisia, nao ukatetemeka. Kidole kikiguswa, ukanda hutetemeka. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya ufukweni aliweza kujua, bila ya kutazama, kwamba kitu kimo mkononi mwake, na alipatia karibu mara 9 katika kila 10. Uwezo wake wa kuuongoza mkono nao uliongezeka, na mashine ikaweza kupunguza au kuzidisha nguvu ya kushika kulingana na kilichoshikwa.

Jambo hilo lastahili kutafakariwa taratibu. Mkono uliodhaniwa kuwa bubu ulikuwa ukijibu. Kilichokosekana ni sikio. Ni wangapi wengine wamehesabiwa kuwa hawasemi, kwa sababu tu vipimo vilivyopo haviisikii sauti yao? Swali hili si la waliopooza tu. Wakusanyaji wa tenzi walijifunza kwamba bibi wa shamba asiyejua kuandika aweza kuwa ameuhifadhi utenzi mzima moyoni, na kwamba kimya chake kilikuwa cha kutoulizwa.

Burkhart hakupata kukipeleka chombo kile nyumbani kwake. Kilifanya kazi maabara tu, kikiwa kimeunganishwa kwa waya na mitambo, kwa saa chache kila wiki. Alitoka pale jioni na viganja vyake vikanyamaza tena. Mwaka 2021 kijisahani kiliondolewa kichwani mwake baada ya kuingiwa na maambukizi. Alijua tangu mwanzo kwamba utafiti una mwisho, na kwamba ameingia kwa ajili ya watakaokuja nyuma yake zaidi kuliko kwa ajili yake. Kujua hivyo hakuondoi uzito wa kuupata mkono na kuupoteza mara ya pili. Alichokifanya baadaye ni kuwakusanya watu wengine waliowahi kupandikizwa vyombo katika ubongo, ili wawe na sauti moja mbele ya watafiti, makampuni na wenye mamlaka: waulizwe wanahitaji nini kabla chombo hakijabuniwa, na wajue mapema nani atawajibika siku fedha zitakapokwisha. Kwa lugha ya wahandisi, amejifanya kihisi. Kwa lugha ya washairi, ameudai ubeti wa kurudi.

Taa ya tatu, basi, ndiyo iliyobaki na fumbo. Galvani na Aldini waliiona kuwa ni taa ya msuli kwa umeme, wakastaajabia jinsi nyama inavyonyenyekea. Liberson aliigeuza kwa swichi ndogo: umeme ukaanza kutii kisigino. Wa Ohio wameigeuza zaidi, umeme ukatii fikra, kisha fikra ikapata habari ya kidole. Kila hatua ya maendeleo katika elimu hii imekuwa ni kumtoa mgonjwa katika utumwa wa mashine na kuitia mashine katika taa ya mgonjwa. Hatua iliyosalia haihitaji elektrodi. Ni kwamba mashine ikishatii mwenye mwili, wenye mashine nao watii.

Vyombo hivi vitazidi kuenea. Vile vidogo vya wayo si ghali kama vya ubongo, na kiharusi hakichagui nchi. Siku yaja ambapo fundi wa viungo wa hospitali ya mwambao atamfunga mzee chombo cha namna hiyo chini ya goti, na mtaa utaacha kusikia ule mguu unaokwaruza. Siku hiyo, kabla ya umeme kuwashwa, yafaa mzee aulizwe maswali machache. Je, uchomaji wa umeme katika ngozi anaustahimili? Nani nyumbani atamsaidia kukivaa asubuhi? Betri ikifa, au chombo kikiharibika na aliyekileta amekwisha ondoka, atakwenda kumwona nani? Na anayeuliza akae angoje, mpaka mzee amalize kujibu.